Machela Isisimame

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza alfajiri, kwetu Suji, na kwa muda mfupi tulifurahi. Kisha shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa kitongoji chetu, akatoka nje akijifuta mikono. Akaniambia kondo la nyuma limekataa kutoka. Amejaribu yote anayoyajua. Damu si nyingi, lakini haikatiki. Tumpeleke hospitali Same, na tusingoje hata chai.

Zama hizo za Mwingereza hapakuwa na gari la kupanda kwetu. Ilibidi kushuka mlima kwa miguu hadi barabara ya tambarare, upande wa Makanya, ambako lori la shamba la mkonge lilipita kwenda Same kabla ya adhuhuri. Tukilikosa, ni mpaka kesho yake.

Kwa bahati ilikuwa Sabato, wanaume hawakuwa mashambani. Tukafunga blanketi kwenye miti miwili ikawa machela. Wanne walibeba, wengine wakafuata kungoja zamu. Shangazi alikuja nyuma na mtoto kifuani.

Mimi nilishika mti upande wa mbele, na nilijua jambo moja tu: kukimbia. Tukakimbia mpaka pumzi ikakata, tukamlaza chini, tukahema, tukamwinua tena, tukakimbia. Mwanzoni tuliona tunapaa. Lakini kila tulipotua, moyo ulichelewa zaidi kutulia. Niliusikia ukigonga masikioni hata tulipokuwa tumesimama. Jasho likipoa, mapaja yalikuwa mazito kama magogo, na kuyaamsha upya kulikuwa kazi kuliko kukimbia kwenyewe. Jirani yetu mmoja aliketi juu ya jiwe. Alipotaka kuinuka, msuli wa shavu la mguu ulimkaza akaanguka chini, ameshika mguu kwa mikono miwili.

Hapo shangazi alifunua blanketi. Damu ilikuwa imeongezeka.

"Msinikimbize," mke wangu akasema kwa sauti ndogo. "Mkikimbia nasikia inafunguka."

Nilisimama nikamtazama shemeji, kaka yake mkubwa. Alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, amerudi kutoka vita vya Burma, na tangu asubuhi hakuwa amesema lolote. Sasa akasema kwamba kule walibeba majeruhi milimani, na waliobebwa kwa mbio wengi walifika wamekufa, na wabebaji wao hawana nguvu za kuchimba kaburi.

"Machela isisimame," akasema. "Tupumzike sisi, kwa zamu."

Akatuonyesha. Hatua fupi, magoti yamelegea, mwendo ule ule kwenye mawe na kwenye udongo. Mtu abadilishwe kabla hajachoka, tena machela ikiwa inakwenda, bega la mmoja likiingia pale la mwingine linapotoka. Aliyepumzika asiketi, atembee pembeni, apige funda moja la maji, anyooshe mikono.

Nikamwambia kwa mwendo huo tutalikosa lori.

"Huyu ni dada yangu, shemeji. Unadhani mimi sina haraka?"

Nikarudi chini ya mti. Tukaenda.

Mwendo ule ulinitesa, maana kila hatua niliona ni ndogo mno. Lakini mwili ulianza kufanya mambo ambayo sikuyategemea. Nikiwa chini ya mti, bega liliungua na moyo ukapanda. Nikitolewa, nikitembea mikono mitupu, ulishuka wenyewe taratibu, na miguu ikabaki na joto lake. Zamu ilipokuja tena nilikuta nina nguvu. Machela yenyewe haikutua, na blanketi halikutikisika. Shangazi alikuwa akichungulia damu kila mara, halafu ananitazama, nami nikawa namsoma usoni.

Tulipofika tambarare joto lilitupiga kifuani. Nilikataa kutoka kwenye mti. Nilitaka kumfikisha mimi. Kichomi kikanishika ubavuni, macho yakaanza kuona giza, na shemeji akanisukuma nje kwa kiwiko na kuingia mahali pangu. Nilimchukia kwa hatua chache hivi. Kisha pumzi ikarudi, giza likaondoka, na nikaliona vumbi la lori likija barabarani, mbele yetu, mbali.

"Wewe ndiye una pumzi sasa," shemeji akasema. "Nenda."

Nikakimbia. Nilikata katikati ya miiba, mdomo umekauka kama unga, na miguu ambayo asubuhi ilikuwa magogo ikanibeba. Nilifika barabarani lori likiwa karibu kunipita, nikasimama katikati na mikono juu. Dereva alikuwa mtu mzima wa kijiji cha Kisiwani, amevaa kofia ya kiua. Aliteremka amekasirika. Nikamwamkia shikamoo, sikuweza kuongeza neno, nikaonyesha tu nyuma yangu. Akatazama machela inayokuja kwa hatua zake fupi. Akaanza kupakua marobota ya mkonge ili apate nafasi.

Hospitali walimwingiza ndani wakafunga mlango. Mtoto alilia kwa njaa mpaka sauti ikamkauka. Sisi tulikaa ukutani kwenye kivuli chembamba. Baadaye mganga akatoka akasema kondo limetoka lote, ila damu iliyobaki mwilini mwake ni kidogo, na tungoje tuone kama homa itakuja.

Homa ilikuja. Alilala pale muda mrefu, na kuna siku hakunitambua. Mtoto tulimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Kisha asubuhi moja nilimkuta mke wangu ameegemea ukuta, amemkumbatia mwanawe, na akaniuliza kama kuna mtu aliyekumbuka kumwagilia mboga zake.

Shemeji alikuwa amelala sakafuni kando ya kitanda, bila shati. Mabega yake yalikuwa na makovu mabichi, pale mti wa machela ulipomchubua mpaka nyama. Kwa siku zote zile hakuwa amemwonyesha mtu yeyote.