Zamu ya Kuongoza

Kocha alitufundisha kukimbia kwa zamu. Tulikuwa wasichana wawili tu katika timu ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, mimi na rafiki yangu, na kila alfajiri tulishika barabara ya vumbi ya kuelekea Zagayu, mmoja mbele, mwingine nyuma. Wa mbele alikata upepo na kushika kasi. Wa nyuma alitazama visigino vya mwenzake na kupumua. Wa mbele akichoka, alisogea kulia bila kusema neno, na wa nyuma akapita kuongoza, mpaka naye achoke na kusogea.

"Usiombe," kocha alisema. "Ukichoka, sogea. Mwenzako ataona."

Wanaume wa timu walitucheka kwamba tunafuatana kama ng'ombe waendao lamboni. Tuliwaacha wacheke, wao walianza kwa fujo na kumalizia kwa kutembea. Wazee tuliokutana nao tuliwarushia salamu ya asubuhi, "Mwangaluka!", bila kupiga goti, na nadhani wapo ambao hawajatusamehe mpaka leo.

Kisha ikaja biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, pamba ikawafuata, na kiwanda chetu kikakaa kimya msimu mzima. Timu ilifutwa kwanza. Nani alishe wakimbiaji wakati mafundi wenyewe hawajui watakula nini? Kocha, aliyekuwa fundi wa mashine palepale, alirudi kwao Kimali kwenye ng'ombe wa baba yake. Rafiki yangu akaamua kwenda Lamadi kuuza mitumba.

"Nkoi, rafiki yangu, twende wote," aliniambia akifunga mzigo. "Hapa utakimbia na nani?"

Nilikataa. Kichwa changu kigumu, na nilitaka kitu kimoja tu: kuingia timu ya mkoa, mbio za mita elfu kumi. Mchujo ulikuwa Shinyanga, maana wakati ule sisi nasi tulikuwa mkoa huo, na angechukuliwa mwanamke mmoja tu.

Nikabaki na barabara. Upweke wangu ulinijia asubuhi, jua likichomoza juu ya mashamba ya pamba na upepo wote ukiwa wangu. Nilikuwa nikiongea peke yangu, nikimgombeza yule aliyeko Lamadi kana kwamba amechelewa tu kuamka. Nikichoka, mguu ulienda kulia wenyewe. Nilimpisha mtu asiyekuwepo, kisha nikaendelea. Nililia mara nyingi, na kulia huku unakimbia ni kazi, pumzi haitoshi kwa yote mawili. Hapakuwa na wa kunikosoa.

Shinyanga niliongoza mapema. Wengine waliachwa mmoja mmoja, nikabaki nasikia nyayo za mwanamke mmoja nyuma yangu. Nyayo zile! Sikuwa nimesikia mtu nyuma yangu tangu kiwanda kinyamaze. Nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi kama mtu aliyepata mgeni. Ilipobaki mizunguko miwili miguu ikawa mizito, nikasogea kulia.

Akapita. Nikakaa nyuma yake, nikatazama visigino vyake, nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilimsubiri asogee. Tulipiga kona moja, tukapiga nyingine, na bado nilimsubiri. Nilipozinduka alikuwa ameshakata utepe.

Alinifuata akihema, mikono kiunoni.

"Dada, mbona ulinipisha?"

"Nilikuwa nasubiri zamu yangu," nikamjibu.

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa, akanipa pole, akaenda kwa wenzake waliokuwa wakimwita. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Mtu pekee ambaye angenielewa alikuwa Lamadi, anapanga mitumba yake sokoni.