Siku Niliyomziba Mdomo Wifi Yangu

Nianze na waliokuwepo, maana mambo ya watu hayaelezwi kwa "fulani" na "fulani". Siku ile ninayoikumbuka ilikuwa ya msimu wa karafuu, na uani kwa mavyaa wangu tulikaa jamvini tunachambua. Alikuwepo mavyaa mwenyewe, Bi Chumu binti Shaame, mama wa mume wangu. Alikuwepo wifi yangu Time, binti wa Bi Chumu, aliyeachwa na mumewe kwa kuwa hakuzaa, akarudi kwa mama yake. Alikuwepo Bi Mkasi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nilikuwepo mimi, Mize, mke wa Faki. Na alikuwepo mwanangu Hamadi, ndiyo kwanza ameanza kukimbia, mwendo wake kama wa bata. Faki hakuwepo. Alikuwa dago, kambini na wavuvi wenzake, na habari zake tulizipata kwa wapitao.

Mimi sikusoma sana, mwanangu unayesoma haya. Msahafu niliukhitimu, na shule nilifika darasa la tatu nikatolewa nilee wadogo zangu. Lakini majina ya watu siyasahau, na aibu zangu vilevile sizisahau.

Bi Chumu alikuwa na maradhi ya sukari. Vidonge vyake alivitunza Time chumbani kwake, na kila asubuhi akimpa mama yake mkononi na gilasi ya maji. Hamadi chumba kile akiingia na kutoka kama paka wa nyumba. Time alimpenda sana, na mimi, niseme kweli, sikupenda anavyompenda. Nikijiambia mwanamke asiye na mtoto mapenzi yake yana kiu ndani. Ndio ujana huo. Kuzaa kulinipa kiburi, nikadhani mtoto nimemtengeneza mimi kwa mikono yangu, kama mtu anavyosuka mkeka.

Basi pale jamvini maneno yalikuwa matamu. Bi Mkasi alikuwa anatuigizia mume wake alivyoshuka mteremko na baiskeli isiyo na breki.

"Miguu juu!" anasema. "Anapiga kengele, anapiga kelele, 'Nipisheni, nipisheni!' Na njia nzima hamna mtu, yeye na mbuzi tu. Na mbuzi naye kampisha!"

Tukacheka hata makonyo ya karafuu yakatumwagika. Bi Chumu akawa anafuta machozi kwa ncha ya kanga, anasema, "Mkasi, utaniua wewe." Na mimi nilicheka kuliko wote. Hamadi alikotoka nilikuwa sikujui. Nilimwona tu anatokea mlangoni kwa Time, anajifuta mdomo kwa mkono, anakuja mbio na kujitupa mapajani mwa shangazi yake.

Time akamnyanyua juu. "Yallah, toto limeshiba hili! Zito kama gunia la mbata!"

Hakusema Mashaallah. Nikaingoja, haikuja. Bi Mkasi akanitazama, akanyanyua nyusi moja tu, akaendelea kuchambua. Nikamchukua mwanangu, nikaenda naye jikoni, nikampaka masizi ya chungu kipajini ili jicho lisimpate. Nikarudi kukaa nimenuna.

Alasiri Hamadi akalegea. Jasho jembamba la baridi likamtoka, titi nampa hashiki. Kichwa chake kikawa kinaangukia begani kwangu kama cha mtu mwenye usingizi mzito. Kisha macho yakageuka na viungo vikaanza kukazana. Bi Chumu akasema, "Degedege hili! Hospitali, hospitali!" Lakini Bi Mkasi alishaniinamia sikioni.

"Mize, jicho hilo. Mtoto kasifiwa kavukavu. Tafuta kipande cha nguo ya aliyemsifu, ukichome, mtoto avute moshi wake."

Nilisadiki palepale. Na nakuuliza, mwanangu, kwa nini mtu anasadiki neno haraka hivyo? Kwa sababu linamfaa. Ikiwa ni jicho, basi si mimi. Ikiwa ni jicho, hakuna atakayeuliza mama mtu alikuwa anatazama wapi mtoto alipopotea. Nikamkimbilia Time nimkate nguo. Hayupo, kaenda kisimani. Nikawa nazunguka uani na mtoto mikononi natafuta kamba ya nguo zake, mpaka Bi Chumu akanivuta mkono kwa nguvu za mzee ambazo sikujua anazo. "Moto gani unawasha, na mtoto anaondoka!" Akamwita Mzee Makame mwenye gari, tukatoka.

Daktari alikuwa kijana wa Unguja. Alipofungua mdomo tu tulijua si wa kwetu. Alimlaza Hamadi kitandani, akamtoa damu kidoleni aangalie malaria, na huku ananiuliza kwa upole, "Mama, leo mtoto kala nini? Kuna dawa yoyote aliyoigusa?"

Nikasema, "Hajagusa kitu, daktari. Nilikuwa naye mimi siku nzima."

Shika neno hilo, mwanangu. Siku nzima nilikuwa naye kwa mwili. Macho yangu yalikuwa kwa Bi Mkasi na baiskeli ya mumewe. Na kama vile uongo mmoja hautoshi, nikaongeza, "Ni jicho hili. Ana shangazi yake, hakuzaa." Muuguzi mmoja, Bi Riziki, mwanamke mweusi mrefu wa Wete, akanitazama.

Giza lilikuwa linaanza kuingia tuliposikia lori limesimama nje. Lilikuwa lori la karafuu, na juu ya magunia alikuwa amekaa Time. Akashuka kwa kurukia, miguu peku, vumbi mpaka kwenye nyusi, ananukia karafuu ukumbi mzima. Mkono mmoja amekunja ngumi. Akaja mbio mpaka mlango wa wodi, na mlangoni nimesimama mimi.

"Wifi," anasema anahema, "wifi, n'ache niingie, niseme..."

"Umekuja kummalizia?" nikapiga kelele. Wagonjwa wakainuka vitandani. "Kikulacho ki nguoni mwako, jamani! Mtazameni huyu! Kamsifu mwanangu mchana, jioni yuko kufani!"

Nikamshika kanga aliyojitanda nikaivuta. Nilitaka kipande cha kuchoma, hata pale hospitalini. Ikachanika kuanzia pindo hadi katikati. Hakunizuia. Alisema, "Chana, wifi. Chana utakacho, lakini n'sikilize. Mwana..."

Nikamziba mdomo. Kwa kiganja changu hiki, nikambana na ubao wa mlango, kwa sababu nilisema moyoni kuwa mdomo ule ndio uliomponza mwanangu, na sasa umekuja kuongeza. Namwona mpaka leo. Hakuniuma wala hakunisukuma. Macho yake yaliniacha mimi yakamtafuta Bi Riziki juu ya bega langu, akanyanyua ile ngumi yake juu, akaifungua.

Kilikuwa kibahasha cha vidonge vya mama yake. Kimetafunwa pembe, kimelowa mate, na ndani umebaki unga na vidonge vichache.

Bi Riziki akakinyakua, akasoma, akamkimbilia daktari. Sikuelewa kitu. Niliona tu watu wazima wawili wanakimbia, na nikaona mwanangu anatiwa maji ya sukari mshipani. Time, mkono wangu ulipolegea, alikuwa anasema taratibu kama anayeungama mbele ya kadhi: "Mimi ndiye niliyeviacha kwenye mkeka. Nilipotoka kisimani nikakikuta chini. Mimi ndiye."

Dawa ile, daktari alitueleza baadaye, hushusha sukari ya damu. Inayomfaa mzee mwenye sukari nyingi, kwa kitoto kama kile ilikausha sukari yote mwilini, na ndiyo maana akalegea na kukakamaa. Alisema, "Mngechelewa kidogo kuniambia, ningekuwa bado natafuta malaria."

Hamadi akafumbua macho. Akanitazama na masizi yake kipajini, akalia, akataka titi. Nami nikalia, lakini si kilio cha furaha peke yake.

Hawakuturuhusu kutoka upesi. Dawa ile haimtoki mtu mara moja. Tukidhani kapona analegea tena, wanamwongeza maji. Tukakaa wodini, na siku zote hizo Time alikaa nje barazani, kwenye benchi. Uji akiuleta, anaupitisha kwa Bi Riziki. Nguo za mtoto anazichukua chafu anazirudisha zimenyooka. Mimi nilikuwa ndani, hatua chache tu, na sikutoka kumwambia neno. Si kwamba nilikuwa na hasira, hasira ilikwisha. Nilikuwa siwezi kumtazama. Aibu, mwanangu, isipopata mlango wa kutokea hugeuka kiburi, na mtu akikuona kwa mbali anadhani bado umekasirika.

Bi Chumu alinivumilia mpaka mtoto alipoanza kucheza na kamba ya chandarua. Ndipo akanisogezea kiti. Hakunigombeza kwa sauti, na afadhali angegomba.

"Mize," alisema, "mkono wako ule ungekuwa na nguvu kidogo zaidi, leo tungekuwa tunatafuta sanda."

Nikaishika kamba ya chandarua, naye akaendelea.

"Time kakosa, kaacha dawa chini. Mimi nimekosa, dawa ni zangu na sikuuliza ziko wapi. Na wewe umekosa, mwana alikuwa wako kumtazama. Sote tuna kosa. Lakini mwenzio kalibeba lake mkononi, kapanda nalo lori, kaja kulitangaza mbele ya watu wanaomwita mchawi. Lako wewe ulilitupa wapi?"

Mpaka leo swali hilo halijanitoka. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi niliyaficha nisiulizwe nilikuwa wapi. Nilikuwa tayari mwanangu afe kwa jicho kuliko apone na uzembe wangu ujulikane.

Siku ya kuruhusiwa nikatoka barazani. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri, ya Kiarabu na ya Kiswahili. Time alikuwa amesimama, amejitanda ile kanga iliyochanika, kaifunga fundo pale ilipopasuka. Mkononi anayo ya pili, kipande chenzake cha doti ile ile, kikavu na kizima, kakikunja vizuri. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mfunike na hii. Njiani kuna upepo." Maneno yangu yote yakanipotea. Nikamfunika mwanangu kwa kanga nzima, na yeye akarudi nyumbani na mbovu.

Faki aliporudi kutoka dago tulimweleza habari ya vidonge. Time ndiye aliyeeleza, na kosa lake akalitia lote. Kisha Faki akaona lile fundo.

"Na kanga imefanya nini?"

Nilikuwa jikoni, nageuza mchuzi. Mkono ukasimama.

"Msumari wa lori," Time akasema. "Kupanda magunia kama mtoto wa kiume, ukitegemea nini?"

Faki akacheka, akamtania dada yake kuwa sasa atamtafutia kazi ya utingo. Nami nikacheka nao, uso nimeutia kwenye mvuke wa chungu. Faki, Mungu amrehemu, alikufa akiamini ule ni msumari. Hamadi sasa ni mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na anaamini vivyo hivyo.

Nisingeandika haya. Lakini majuzi mjukuu wangu Salma, mtoto wa Hamadi, mwanawe kalazwa kwa kuharisha na kutapika, naye kakaa wodini anarekodi sauti kwenye simu, anawatumia ukoo mzima kuwa kuna jirani alimtazama mtoto vibaya. Nimeisikiliza sauti ile, nikajisikia mimi mwenyewe nimesimama mlangoni.

Mwanangu, sikuambii jicho halipo. Dini imelitaja, na Mashaallah ni neno jema, lisiondoke ulimini mwako. Lakini mtoto akiugua usianze na nani alimtazama. Anza na wewe, ulikuwa unatazama wapi. Mwambie daktari yote, hata lile linalokushusha hadhi, kwa maana mtoto hatibiwi kwa heshima ya mama yake. Dawa za wazee ziwe juu, mkono wa mtoto usipofika. Na yule usiyempenda akija mbio, mwache aseme kwanza. Ukitaka kumchukia utamchukia baadaye, muda utakuwepo. Muda wa mtoto ndio haungoji. Ukikosa, omba radhi maneno yakiwa bado mabichi mdomoni. Usingoje yawe mazuri. Mimi niliyangoja yawe mazuri, nimezeeka nayo.

Mola akukuzie wanao, awatoe hospitalini kwa miguu yao wenyewe, na akujaalie mawifi wenye subira kuliko uliyostahili.

Majina nimeyataja kama ninavyoyakumbuka. Pengine lori lilifika baada ya maghribi na si kabla. Pengine Bi Mkasi alisema baiskeli ya shemeji yake na si ya mumewe. Aliyekuwepo na anisahihishe, sitachukia. Na wewe wifi yangu Time, macho yamepungua lakini masikio unayo. Hamadi atakusomea haya. Kama nimeongeza au nimepunguza, sema mbele yake. Mara hii sikuzibi mdomo.