Mpira Mpya kwenye Mashine ya Wifi

"Dada, hao wanaume wa bendi mnaowafuga chumba cha nyuma, mbona sijamwona hata mmoja akitoka kwenda chooni?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yetu mwenye mashine ya kusaga nafaka, siku moja nikiwa naanika nguo. Tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Alikuwa amesikia ngoma, akasikia besi, gitaa, kodiani na tarumbeta, akapiga hesabu yake akapata watu watano. Nikamwambia hakuna wanaume, ni wifi yangu peke yake. Alinitazama kama nimemwambia kuku wangu anataga mayai ya bata.

Wifi ni mdogo wa mume wangu, ana miaka arobaini na saba, na kazi yake ni kupika kwenye shule ya bweni. Anatoka alfajiri, anarudi saa tisa alasiri akinuka moshi, ananawa mikono hadi kwenye viwiko, halafu anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Hapo ndipo "bendi" inapoanza.

Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vyombo vya muziki. Alikuwa na sheria moja: chombo hakirudi kwa mwenyewe mpaka mtu wa nyumbani akipigie wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Kaka zake wifi walikuwa wakiitwa kujaribu wanakimbilia uwanjani. Mume wangu hadi leo hata mluzi haumtoki. Basi kila kilichotengenezwa alikijaribu wifi, na hivyo mikono yake ikajua kila kitu. Mzee alipofariki, wifi alirithi vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Gitaa lina ufa shingoni, limefungwa waya. Kodiani mifuko yake ya hewa imeshonwa kwa ngozi ya kiatu. Tarumbeta lina bonde ubavuni. Ngoma kubwa ya mguu ameijaza blanketi la mtoto ili isitoe mwangwi. Ukutani amesimamisha magodoro ya zamani, na maikrofoni anayoipulizia tarumbeta ameivalisha soksi. "Soksi safi, wifi," aliniambia nilipokunja pua.

Kitu kikubwa kuliko vyote mle ndani ni mashine ya kurekodia. Inatumia kanda, na ina njia nne, kila njia inabeba sauti yake. Wifi anaanza kwa kupiga ngoma, zinaingia njia ya kwanza. Halafu anavaa spika za masikioni, anazisikiliza ngoma zake huku akipiga besi, inaingia njia ya pili. Gitaa njia ya tatu. Njia ya nne ni ya kodiani, na pale kodiani inapopumzika anaiachia kifuani, ananyakua tarumbeta, anapuliza, anarudi kwenye kodiani kabla mstari haujaanza. Nimemwona kwa macho yangu akifanya hivyo. Ukikohoa, anaanza upya.

Sasa, kwaya yetu ilikuwa inataka kurekodi wimbo wake wa kwanza. Wifi alikuwa ameutunga, na mwalimu wa kwaya alimpa kazi ya kuandaa muziki. Mwenyekiti wa kwaya hakupenda. Alimtaka bwana mmoja mwenye kompyuta, ambaye anaweka ngoma na besi bila kugusa ngoma wala besi.

"Mama," mwenyekiti alimwambia wifi mbele yetu sote, "hivyo vyombo vyako ni vya makumbusho. Na tarumbeta, kusema kweli, si chombo cha mwanamke."

"Mapafu ninayo mawili, kama wewe," wifi akajibu. "Nipe wiki nne."

Kicheko kilipita nyuma kwenye safu ya sauti nene. Mwenyekiti akasema sawa, Jumamosi ya wiki ya nne, saa nane mchana, muziki uwe umekamilika. Usipokamilika kazi inakwenda kwa bwana wa kompyuta, na wifi asishike kamwe chombo chochote cha kwaya. Hilo la mwisho lilimpiga.

Wiki tatu akapiga ngoma, besi na gitaa. Ilibaki njia ya nne tu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, kwa nia njema, Mungu anajua. Nilikuwa nimeona mashine inasuasua. Kanda ilikuwa inazunguka polepole, kama mtu aliyeshiba sana. Jumatatu ya wiki ya mwisho wifi alipokwenda kazini, niliibeba kwenye beseni hadi kwa fundi redio. Akaifungua, akanionyesha mpira mwembamba unaozungusha kanda. Ulikuwa umelegea na kupasuka pasuka. Akaweka mpya, wa zamani akautupa jalalani. Nikarudi nyumbani nikiimba. Niliona nimemfanyia mwenzangu jambo.

Wifi aliporudi nikamwambia, "Bonyeza uone!"

Akabonyeza. Ngoma zikatoka mbio. Gitaa likalia jembamba kama mbu. Nikadhani ndio uzima wenyewe. Wifi akakaa kitako sakafuni.

"Wifi, umeitengeneza?"

"Nimeitengeneza."

"Mashine nzima inakimbia."

Alinieleza taratibu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mashine ilipokuwa nzito, ilimeza muziki polepole na kuutoa polepole vilevile, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mahali pake. Sasa imepona, inautoa kwa haraka kuliko ilivyoumeza, na sauti zote zimepanda juu. Gitaa unaweza kukaza nyuzi likafuata. Kodiani haikazwi. Sauti zake ni vipande vya chuma vilivyokatwa kiwandani, havipandi wala havishuki. Na wimbo unaanzia kwenye kodiani.

Nilikimbia jalalani kwa fundi nikapekua kwa mikono. Mpira haukuonekana.

Jumanne bwana wa kompyuta alipita nyumbani, habari zilishamfikia. Sitamsema vibaya, alikuja kwa adabu. Alisema wifi alete tu hiyo kanda, ataiingiza kwenye kompyuta, ataishusha kwa dakika moja, kodiani itakaa sawa.

"Dakika moja?" wifi akauliza.

"Hata isifike."

"Asante, kaka. Hapana."

Alipoondoka nilimshika mkono. "Wifi, kubali. Kosa ni langu, usilipie wewe."

"Wewe hujakosa, umependa. Lakini akiishusha yeye leo, kesho watasema ameupiga yeye. Keshokutwa watasema mimi nilikuwa nampikia chai."

"Siku zimebaki nne!"

"Ngoma napiga leo."

Na akapiga. Jumanne ngoma, upya, tangu mwanzo. Siku nyingine wifi husubiri mashine ya kusaga izimwe, lakini sasa hapakuwa na muda. Saa kumi jirani akaiwasha, ukuta ukatetemeka, na ngoma zote zikaingiwa na unga, kama asemavyo wifi. Nikaenda kumwomba jirani. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, lakini akauliza swali moja tu: "Ni yule mwenyekiti aliyesema tarumbeta si la mwanamke?" Nikasema ndiye. Akazima. Siku zile zote, kuanzia saa kumi hadi jua kuzama, aliwaambia wateja mashine imepatwa na mafua.

Jumatano besi. Alhamisi gitaa, na uzi mmoja ukakatika ukamchana kidole. Akakifunga kwa kitambaa akaendelea. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimekalia ndoo, nasali kimya. Sikuomba miujiza. Niliomba asikohoe mtu.

Ijumaa kodiani na tarumbeta. Mara ya kwanza tarumbeta liligonga maikrofoni. Mara ya pili kodiani iligoma kuvuta. Mara ya tatu wimbo ukafika mwisho, halafu mlango ukafunguliwa. Wifi alikuwa amelowa jasho, midomo imevimba.

"Imeingia," akasema. "Kuna maji?"

Jumamosi saa nane kasoro tulikuwa ukumbini, mashine tumeibeba wote wawili, kila mtu na upande wake. Mwenyekiti alitaka kusikiliza kwanza peke yake na kamati. Wifi akakataa. Akamwambia mwalimu wa kwaya, "Pangeni mistari. Wimbo huu unasikilizwa mkiwa mnaimba."

Akabonyeza. Kodiani ikafungua, ngoma zikaingia, kwaya ikaanza. Beti mbili zikaenda vizuri. Ubeti wa tatu ngoma zikaongeza mwendo, kidogo tu, na niliona uso wa mwenyekiti ukichangamka kama aliyeokota kitu. Lakini kwaya nayo ikaongeza mwendo, wote pamoja, sauti nyembamba na nene, na tarumbeta likawapandia juu. Hakuna aliyebaki nyuma. Ilipokwisha, mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa amekaa chini, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Muziki ni mzuri. Nakubali, mama, umetushinda. Ila ubeti wa tatu unakimbia."

"Unakimbia," wifi akasema.

"Kumbe umejua?"

"Miaka kumi na moja nakaa benchi la nyuma nawasikiliza. Kila mkifika kwenye ubeti wa shukrani, kama huu wa tatu, mnakimbia, na kila mara mnaokimbia ni nyie nyote, na wewe uko mbele. Nimewapigia mnavyoimba."

Watu wakacheka, na mwenyekiti mwenyewe akacheka, jambo ambalo sikulitegemea. Akampa mkono. Akasema wimbo umepita, na wifi ndiye mpigaji wa kwaya kuanzia leo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, akaongeza kwamba kabla ya kanda kutoka, yule bwana wa kompyuta angeweza kuunyoosha kidogo huo ubeti wa tatu, uwe sawa na mingine, hakuna atakayejua.

Wifi alikuwa ameshaichomoa kanda kwenye mashine. Aliishika kwa mkono wenye kidole kilichofungwa kitambaa.

"Mwenyekiti, naomba kitu kimoja tu," akasema. "Kanda hii isipelekwe kwa mtu wa kuinyoosha. Pale tunapokimbia, tuacheni tukimbie."