Jina Yenye Haiyavuka Muto

Juzi, mu biro moja ya Walikale, teknisien alikuwa anajaribia kopi ya akiba ya masini ya mupya yenye kuchunga majina ya batoto wetu. Buku ya karatasi ilikuwa imefungwa kamba tayari, inangoja kuchomwa, juu masini ilikamata nafasi yake. Mimi nakaa, nasimama. Teknisien akaandika jina ya kujaribia, "Itebero", akaisoma palepale mu kopi: "Itebero". "Iko bien!"

Mama mumoja mulimaji akakatala kwa kidole. "Papa, kwetu muntu wa kubeba habari hatumuulizi palepale. Anavuka kwanza muto, anarudi, njo tunamuuliza tulisema nini. Zima masini, uwashe."

Akazima kwa kucheka. Akawasha, akafungua kopi: mule hakukuwa kitu, hata ile jina.

Mama akavuta ile buku, akaikalia. Nikasogea: "Mama, uniachie kanafasi, niikalie pia. Jina ya mutoto yangu pia iko mule."