Mstari Mwekundu wa Jepkemboi

Ungetaka kumjua Jepkemboi, ungengoja lori la bloki lifike mjengoni asubuhi. Siku hiyo hasalimii mtu. Anapanda nyuma ya lori na mabuti yake ya kazi, anaziruka zile bloki za juu ambazo muuzaji amezipanga kwa urembo, anachomoa moja ya katikati. Anashuka nayo, anaiinua hadi kiunoni, anaiachilia. Ikibaki nzima, sawa. Ikipasuka, basi siku ya mtu imeharibika. Anajaribu nyingine na nyingine, na zikizidi kupasuka anaitisha mkebe wa rangi nyekundu, anazipiga mstari ubavuni moja moja, hata kama dereva anamwomba kwa jina la Yesu. Mstari ulikuwa wa kuzuia ujanja tu. Bloki iliyokataliwa Jumatatu ilikuwa na tabia ya kurudi Jumatano kwa lori lingine, ikijifanya mgeni.

Wafanyakazi walimbatiza Madam Rangi. Mwanzoni walikuwa wakimcheka, ati msichana wa kijijini Sugoi atajua nini mambo ya simiti. Ng'o! Walimjua. Mama yake alikuwa amekamua ng'ombe miaka na miaka ili yeye asome ujenzi, na Jepkemboi hakuwa na mpango wa kuilipa karo ile kwa kuchekwa. Alipopewa kazi ya kusimamia ubora kwenye zile ghorofa za mtaa wa West Indies, Eldoret, alikaza uzi. Mdosi wake alimtunza kama yai, na sababu ilikuwa wazi: kila bloki aliyoikataa ilikuwa hasara ya muuzaji, si ya kampuni. Nyumba inakuwa imara na gharama haipandi hata kidogo. Mbele ya wageni mdosi alisema, "Huyu ndiye ananiokolea pesa." Jepkemboi aliinamisha kichwa kama mtu mwenye haya, lakini tusidanganyane, alifurahi sana.

Aliyeumia zaidi na mstari ule alikuwa Vincent, kijana mwenye kiwanda kidogo cha bloki nje ya mji. Vincent alikuwa akibana simiti na kuongeza vumbi la mawe, halafu anazianika bloki juani bila kuzimwagilia maji. Siku moja Jepkemboi alimkatalia karibu lori zima. Vincent akasimama pale na kofia mkononi.

"Sasa Madam, hizi zote nizipeleke wapi?"

"Popote, Vincent," Jepkemboi akamjibu, akifunika mkebe wake. "Mradi si kwangu."

Mjengo mzima ukaangua kicheko. Maneno yale yakawa msemo. Obonyo, msimamizi wa mafundi, akiletewa githeri iliyoungua alikuwa akisukuma sahani na kusema, "Peleka popote, mradi si kwangu," na watu wanashika mbavu. Jepkemboi naye alicheka. Hakuna aliyeuliza kama Vincent alizitupa zile bloki, na yeye Jepkemboi hakuwahi kujiuliza. Kwake yeye, lori likitoka getini lilikuwa limekwisha duniani.

Kumbe dunia haiishi getini.

Mama yake alimpigia simu siku ya Ijumaa. "Kesho uje nyumbani. Kuna kitu nataka uone. Na usiniambie habari ya kazi." Jepkemboi alikuwa hajakanyaga Sugoi tangu mvua ianze, na Eldoret na Sugoi si mbali hivyo. Kila wikendi alikuwa na sababu. Safari hii alikosa sababu, akaenda.

Alimkuta mama yake amevaa leso mpya, amesimama langoni kama mtu anayepokea askofu. Hata chai hakumpa. Akamshika mkono, akampitisha nyuma ya ile nyumba ya mbao alimokulia, na pale, kwenye kipande walichokuwa wakipanda viazi, nyumba mpya ilikuwa imesimama. Vyumba vitatu, kuta zimepita madirisha. Mbao za paa zilikuwa zimepangwa kando, zimefunikwa na karatasi ya nailoni.

"Maziwa hayo," mama akasema. "Maziwa na chama chetu cha kina mama. Sikukuambia. Ningekuambia ungeanza: Mama weka hiki, Mama weka kile, na gharama ipande mpaka nishindwe. Nikasema nitakushtua."

Alikuwa amemshtua kweli. Jepkemboi hakuwa akiangalia mbao wala madirisha. Alikuwa akiangalia ukuta. Bloki baada ya bloki, juu, chini, pembeni mwa mlango, ilikuwa na mstari mwekundu ubavuni, na kila mstari ulianza mzito na kuishia mwembamba upande wa kulia. Mtu hausahau mkono wake mwenyewe.

"Umeona rangi?" Mama akafurahi kwamba ameona. "Mwenye lori aliniambia hizo ndizo zilizopimwa na injinia huko mjini, zile zisizo na alama si za kuaminika. Na bei ilikuwa nzuri, we! Nikamwambia hata binti yangu anafanya hiyo kazi. Akauliza jina lako. Nikamtajia. Alicheka huyo kijana, alicheka mpaka akashika lori, halafu akaniongezea zingine bure."

Jepkemboi alihisi uso ukimuwaka hadi masikioni. Wala si hasira kwa Vincent, hasira ilikuja baadaye. Ilikuwa ni aibu, ile aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni huku anayemvua akidhani anamvisha. Mama alikuwa anapapasa ule mstari kwa kidole gumba, taratibu, anavyompapasa ndama.

"Mimi huwaambia watu hapa, huenda ni mkono wa Jepkemboi wangu uliopitia hizi," akasema. "Fundi anaweka paa Jumatatu. Hapa ndipo kitanda changu kitakaa."

Wakanywa chai ndani ya nyumba kuukuu. Kichwani Jepkemboi alikuwa akijenga uongo haraka kuliko fundi yeyote. Angesema serikali imebadilisha sheria za nyumba. Angemlipa fundi aongeze nguzo kisirisiri. Au anyamaze, plasta ifunike mistari yote, na nani angejua? Yeye peke yake. Na mvua kubwa, na uzito wa paa, na zile bloki ambazo hazikuvumilia kuanguka kutoka kiunoni. Akamwona mama amelala chini ya ukuta ule. Akaweka kikombe chini.

"Mama, twende nje tena."

Bloki chache zilizobaki zilikuwa zimerundikwa kando ya ukuta, zile za bure. Akachukua moja, akaiinua hadi kiunoni kama alivyofanya mara nyingi sana mbele ya watu. Akaiachilia. Ikapasuka vipande vitatu, vumbi likaruka hadi kwenye leso mpya ya mama.

Mama akatazama vipande. Kisha akamtazama yeye.

"Huo mstari ni wangu," Jepkemboi akasema. "Mimi ndiye niliupiga. Ni wa kukataa, Mama. Sio wa kupima. Hizi ni bloki nilizozikataa."

Ng'ombe alilia zizini na hakuna aliyegeuka.

"Ulizikataa ili zisiue watu wa mjini," mama akasema polepole.

"Ndiyo."

"Na huyo kijana ulimwambia azipeleke wapi?"

Hapa angeweza kudanganya. Machozi yalikuwa tayari na mama alikuwa mama yake. Lakini alikuwa amechoka na uongo tangu ile chai.

"Nilimwambia popote. Popote, mradi si kwangu. Watu walicheka."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mama hakumwambia pole. Aliinama, akaokota kipande kimoja, akakisugua kwa vidole. Kikamwagika kama unga wa mahindi. Jepkemboi akaanza kueleza mbio mbio: atabomoa, atanunua bloki nzuri kwa mshahara wake, ataleta mafundi wake mwenyewe, Vincent atamjua. Mama akainua mkono kumnyamazisha.

"Hiyo tutaongea. Mimi nimekuzaa, nitakasirika halafu nitakusamehe. Lakini si mimi peke yangu." Akaelekeza kidevu upande wa barabara. "Wangari wa duka alikuja kuona ukuta wangu, akapenda rangi. Mimi ndiye nilimpa namba ya yule kijana. Mimi! Nikamwambia zimepitia mkono wako. Amejenga chumba nyuma ya duka, na paa ameshaweka. Watoto wanalala humo."

Jepkemboi akajaribu kusema watampigia simu.

"Simu gani? Beba hicho kipande," mama akasema, akifunga leso vizuri. "Na utasema wewe. Mimi nitasimama hapo kando yako, lakini mdomo utakuwa wako."

Wakashuka kinjia, mama mbele, binti nyuma na kipande cha bloki kifuani, vumbi likimshuka kwenye blauzi. Alisalimiwa mara mbili na majirani na hakuweza kuinua macho. Duka lilikuwa wazi. Wangari alikuwa akipima sukari, na alipowaona akaacha mzani ukiningʼinia, akatoka nje akipangusa mikono kwenye aproni, uso wote tabasamu.

"Injinia wetu!" akasema kwa sauti, ili wateja wasikie. "Karibu, karibu mama. Pita huku nyuma uone kazi ya mkono wako."