Ng'ombe wa Kitambaa Kwenye Lango la Harusi

Mdogo wangu alipoposwa aliniomba kitu kimoja tu: bango la kitambaa la kutundika juu ya lango siku ya harusi.

"Lakini lisiwe la maua na njiwa," alisema. "Nataka Aba alione acheke. Akicheka ataingia."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Aba, yaani baba yetu, alikuwa ametangaza kwamba atakwenda msikitini, atamwoza binti yake kama dini inavyotaka, halafu atarudi zake nyumbani kulala. Kwenye sherehe haingii. Ukame wa katikati ya miaka ya themanini ulikuwa umemmalizia ng'ombe wote huko Merti, akahamia Isiolo mjini, akawa mtu wa kukaa kibarazani akitazama vumbi la barabara. Kwake yeye, baba anayeoza binti bila hata ndama mmoja wa kumsindikiza hana sababu ya kukaa mbele za watu na kulishwa pilau.

Mimi nilikuwa nyumbani wakati huo, chuo kikuu kimefungwa tena baada ya vurugu, na nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Aba, ng'ombe wanahusika wapi na nikahi? Kwani kadhi anawahesabu?"

"Wewe, huko Nairobi unasomea nini?"

"Sosholojia."

"Inakamuliwa?"

Akageukia barabara, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi tukaanza kazi. Nilinunua marikani, tukakusanya vitambaa vya kukatia picha: leso zilizochakaa, kaptula za shule, kipande cha blanketi, foronya. Wazo langu la kwanza lilinifurahisha mno. Niliwakata wanyama wote wa upande wetu wakija harusini wamevaa: ng'ombe amejifunga leso, ngamia ana kofia ya kufuma, twiga amebeba sanduku la nguo kichwani. Nyuma yao nikaweka lori, kwa sababu bwana harusi alitoka katika ukoo wa wajukuu wa askari wa zamani wa mkoloni, watu wa malori, wanaopeleka mbuzi Nairobi na kurudi na sukari. Hata lori nililipa tabasamu.

Kisha baba mdogo, ambaye ni mwalimu wa madrasa, akaja kunywa chai. Akakitazama kitambaa kilichotandazwa mkekani.

"Hii ni nini?"

"Wageni wa harusi, baba mdogo."

"Wana macho."

"Wangeonaje njia?"

Hakucheka. Akasema picha ya kiumbe mwenye uso haitatundikwa mahali patakaposomwa dua. Mtu mwingine angesema sawa, baba mdogo. Mimi nikavuta kigoda.

"Nikiwafumba macho je? Wawe wamelala."

"Wataamka."

"Nikiwaachia jicho moja moja?"

"Chongo naye ni kiumbe."

"Nikiondoa kichwa chote?"

Hapo alifikiri, akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Bila kichwa si kiumbe, ni kitambaa. Lakini ng'ombe bila kichwa kwenye harusi, watu watadhani mmefungua bucha."

Mdogo wangu aliweka sindano chini. Nilimwona akikunja midomo kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kulia. Nikamtazama yule ng'ombe wa blanketi, nikabandua kichwa chake, nikambandika mkia pale kilipokuwa.

"Kichwa kipo, baba mdogo. Ila kiko upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?"

"Wa ng'ombe."

Aliinua pindo la kitambaa. "Nikizunguka nyuma ya bango nitakiona?"

"Utaona marikani tupu."

Alimaliza chai yake. "Basi mimi sina neno."

Tukawageuza wote. Twiga na ngamia tuliwaondoa, maana twiga kwa nyuma ni ngazi tu. Walibaki ng'ombe, kundi zima, wanaingia langoni na kutupa mgongo, na lori mbele yao likionyesha taa nyekundu za vifungo vya koti na vipande vya tyubu vya kuzuia matope. Mikia tuliifanya kwa kamba ya katani iliyofumuliwa, tukaishona juu tu ili chini icheze na upepo.

Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kumchora ng'ombe kwa mbele kulikuwa kumenisumbua, nyuso zao zote zilifanana na za walimu wangu. Lakini nyuma mkasi ulijiendea wenyewe: nyonga moja juu kuliko nyingine, paja lenye baka, kwato inayokanyaga upande. Kabla ya kupelekwa shule ya bweni, nilikuwa nimewaona ng'ombe miaka yote kutoka huko huko nyuma, nikiwachunga.

Shangazi, dada yake baba, aliingia tukishona mkia wa mwisho.

"Harusi ya mtoto wa watu, na nyinyi mnaweka matako ya ng'ombe mlangoni?"

"Shangazi, wanaingia ndani. Mtu akiingia mahali, aliye nje anaona nini?"

"Mimi mtu akiniangalia hivyo nampiga kiatu."

Siku yenyewe ilipofika, upepo wa mchana wa Isiolo ukaanza kupuliza kama kawaida yake, na mikia yote ikaanza kucheza kwa pamoja. Watu walikuwa wakifika langoni na salaam aleikum mdomoni, wanainua macho, salaam inageuka kicheko. Mama wa bwana harusi alilitazama lori lake muda mrefu.

"Halina namba," alisema. "Polisi watatukamata kwa harusi yetu wenyewe."

Mdogo wangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi ndani na hina yake na dhahabu ya kuazima, na kila nilipopita alinishika nguo. "Amekuja?" Nilimwambia bado. Mara ya mwisho hakuuliza, alinitazama tu, nami nikatoka nje.

Wanaume walikuwa wanatoka msikitini. Baba alikuwa na wazee wawili, wachungaji wenzake wa zamani. Alipita upande wa pili wa barabara, anatazama mbele kabisa, kama mtu anayepita dukani anakodaiwa. Waliosimama ni wenzake.

"Huyu wa kahawia ana mimba," alisema mmoja.

"Mimba wapi! Ameshiba tu."

"Tazama nyonga, bwana. Utakuja kuniambia."

"Na yule mwekundu, kwato yake mbaya. Mnadani huyo hapati bei."

Baba alikuwa ametangulia hatua kadhaa. Alisimama, bado ametupa mgongo. Kisha akageuka, akatazama, akavuka barabara polepole hadi chini ya bango. Akainua fimbo, akamgusa yule mweupe, wa foronya.

"Mkia wa huyu ni mrefu."

"Aba, ni kamba tu, tulikata zote sawa..."

"Fisi alikula nusu. Ulikuwa unaniuliza kila asubuhi kama utaota tena."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mimi nilikuwa nimemsahau ng'ombe yule, lakini mkasi mkononi mwangu ulikumbuka umbo lake, na mpaka leo sijapata nadharia ya kuelezea jambo hilo. Alichomoa kisu kiunoni, akanyoosha mkono, akashika kamba na kuikata katikati. Akarudi nyuma kidogo kuangalia.

"Sasa ni yeye." Fimbo ikasogea. "Na hawa wawili hawawezi kutembea pamoja. Watapigana."

"Aba, wameshonwa."

"Basi umeshona vita."

Wale wazee walicheka hadi mmoja akashika nguzo ya lango. Baba hakucheka. Alikuwa anawapitia mmoja baada ya mwingine, midomo inacheza bila sauti.

"Haya," alisema mzee aliyeshika nguzo. "Ng'ombe wako wameshaingia wote. Wewe unasimama nje kama nani?"

Baba alilitazama lango. Aliweka fimbo mabegani, akatundika mikono yake juu yake kama wafanyavyo wachungaji, na akapita chini ya bango. Mikia ikampapasa kofia. Nilimkimbilia mdogo wangu, lakini alikuwa ameshamwona, na alikuwa anafuta machozi kwa mikono, hina mpya ikiharibika.

Kiti cha heshima alikikataa. Aliketi pale pale karibu na lango, akala pilau, akaitisha nyingine.

Jioni, watu wakikunja turubai, nilimpelekea chai.

"Aba, ulisema huingii. Nini kilikubadilisha?"

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu ambaye shule imemharibu.

"Na nani angewafungia boma?"