Kura Niliyoifuata Hadi Ottawa

Mwanzoni mwa Januari 2006 niliteleza kwenye barafu nje ya jengo letu pale St. James Town, Kanada, nikavunjika mguu. Kaka yangu akaja kunichukua, akaniweka kwake Thornhill, nje ya jiji, chumba cha chini kabisa, dirisha linatazama theluji tupu. Uchaguzi wa bunge ulikuwa unakaribia, wa kwanza kwangu tangu niapishwe uraia. "Utapiga kura uchaguzi mwingine," kaka alisema, kana kwamba nimekosa harusi ya jirani.

Sikutaka mwingine. Lifti za jengo letu zilikuwa zimekufa, na wagombea walitutumia vipeperushi tu. Mmoja ndiye aliyepanda ngazi hadi ghorofa yetu, akafika anahema, akakaa jikoni kwangu akanisikiliza. Huyo ndiye niliyemtaka, na nilitaka kumpigia kwa mkono wangu.

Nikapiga simu ofisi ya uchaguzi. Wakanieleza kwamba aliye nje ya jimbo lake huomba kura ya posta: unajaza fomu, unatia sahihi, unaambatisha nakala ya kitambulisho chenye jina na anwani. Wakanionya pia kwamba ukishakubaliwa, kituoni huruhusiwi tena. Bahasha ilipokuja, karatasi ya kura haikuwa na majina wala picha, ila nafasi tupu ya kuandika jina la unayemtaka. Mimi niliyekulia kwenye kura ya picha ya mtu mmoja, ndiyo au hapana, niliitazama ile nafasi nikacheka peke yangu. Nikaandika jina. Kura nikaitia kwenye bahasha ndogo isiyo na alama, ndogo ndani ya kubwa, na juu ya kubwa nikatia sahihi na tarehe. Ilitakiwa ifike ofisi yao kuu Ottawa kabla ya saa kumi na mbili jioni, siku ya uchaguzi. Nikampa kaka aitie kwenye sanduku la posta.

Hakuitia. Sisi ndivyo tulivyo: kitu cha maana hatukiachii posta, tunampa mtu anayesafiri. Kaka alimpa bwana mmoja tunayesali naye, aliyekuwa anakwenda Ottawa kumwona mwanawe. "Imepata mtu," aliniambia kwa fahari, nami kwa ujinga nikatulia. Jumamosi wifi yangu akataja kwamba yule bwana yuko kitandani kwake kwa mafua, safari kaiahirisha. Uchaguzi ulikuwa Jumatatu.

Nilishika magongo nikamfuata kaka sebuleni.

"Twende tukaichukue."

"Mdogo wangu, kura moja tu. Itabadilisha nini?"

"Ningekuwa nimekupa pasipoti yangu, kaka, ungesema pasipoti moja tu?"

Akakuna kichwa. Nilikuwa na hasira za kutosha kuyeyusha theluji ya mtaa mzima. Nikamwambia, wewe ndiye uliyeinyima posta, wewe ndiye utakayeifikisha. Usiponipeleka nitasimama Barabara ya Bathurst na magongo yangu, nisimamishe magari, watu wa msikitini wapite waulizane huyu ni dada wa nani. Alijua nitafanya.

Bahasha tuliikuta kwenye gari la yule bwana, chini ya mfuko wa kashata za mwanawe. Alitoka na blanketi mabegani, akaomba radhi mpaka nikaona haya mimi. Jumatatu alfajiri tukaondoka, mguu wangu umelazwa kwenye kiti chote cha nyuma, kaka ananung'unika hadi tulipopita Kingston, nusu ya njia. Ottawa, kwenye ofisi ya uchaguzi, mtumishi wa kaunta alimtazama kaka, akamwuliza shida yetu ni nini. Nikajibu mimi. Bahasha nikaitoa mwenyewe, sikuondoka hadi nilipoiona imegongwa muhuri.

Asubuhi ya pili, tumesharudi kwa kaka, redio ikatangaza kwamba mgombea wangu ameshindwa, tena kwa mbali. Kaka akaweka kikombe chake cha chai mezani.

"Safari yote ile," akasema, "na bado kashindwa!"

"Kashindwa, na kura yangu wameihesabu. Yako je, kaka? Ulimpigia nani?"

Alikuwa raia wa Kanada miaka mingi kabla yangu. Akainua kikombe, akakuta hakina kitu, akaendelea kunywa.